Bendera ya Kijani ya Jumanne

KITUO CHA POLISI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kama lilivyo kwenye kitambulisho kilichoambatishwa. Watu wa bonde humwita Dada Chupa.
Jinsia: Mwanamke
Umri: Miaka 34
Kazi: Mpima ubora wa maji, ofisi ya umwagiliaji ya bonde
Makazi: Chumba cha pili, nyuma ya stoo ya ofisi hiyo
Uhusiano na mtuhumiwa: Mtoto wa kaka yake
Tarehe na saa: Jumapili, tarehe 17 mwezi wa tatu, saa tisa na nusu alasiri

Afande amenionya niseme ninayoyajua, si ninayoyadhani, na kwamba nikidanganya naweza kushtakiwa mimi. Nimeelewa. Hakuna aliyeniita hapa. Nimekuja kwa miguu yangu pamoja na Mama Mdogo, mke wa mtuhumiwa, ambaye hivi sasa amekaa kwenye benchi la nje. Chupa hii iliyo mezani ameibeba yeye njia nzima. Nitafika kwenye sababu yake.

Naanza na kazi yangu, maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Mto unaomwagilia mashamba ya bonde unapita kwanza chini ya mgodi wa makaa ya mawe. Shimo la mgodi hujaa maji, na mgodi huyavuta kwa mashine na kuyamwaga mtoni kwa bomba kubwa lililotokeza kwenye ukingo. Maji yaliyolala kwenye makaa huwa makali. Yanatakiwa kutibiwa kwanza kwa chokaa kwenye bwawa lao, ndipo yatoke. Mimi nimewekwa kuhakikisha kwamba yanayofika mashambani yanafaa. Kila Jumanne na Ijumaa nashuka hadi chini kidogo ya bomba, nasuuza chupa kwa maji ya mto wenyewe, naijaza, natumbukiza kipimo na kusoma namba. Saba ni maji ya kawaida. Namba ikishuka, maji yanazidi kuwa makali, na chini ya sita na nusu hayafai kwa miche.

Nikishapima narudi kwenye lango la mfereji, mwendo wa kama saa moja kwa pikipiki ya ofisi kwa kuwa barabara inazunguka kilima, na napandisha bendera. Kijani maana yake maji yafunguliwe. Nyekundu maana yake lango libaki limefungwa mpaka nipime tena. Bendera zenyewe alizishona Mama Mdogo, ya kijani kutoka kwenye pazia lake la sebuleni na nyekundu kutoka kwenye sketi yangu ya shule. Wakulima wengi hawana haja ya kusikia namba. Wanainua macho, wanaona rangi, wanashika jembe.

Mtuhumiwa, Baba Mdogo wangu, ndiye mgawa maji. Ufunguo wa lango anao yeye, na ameushika kwa miaka mingi bila mtu kumlalamikia, jambo ambalo kwa kazi ya kugawa maji ni muujiza. Baba yangu alipofariki nilikuwa darasa la tatu, na yeye ndiye aliyenilea. Tangu nipate kazi hii amekuwa akinitangaza bondeni kote. Huwaambia watu, "Huyu mwanangu ukimpa glasi ya maji atakwambia yametoka kisima gani." Si kweli, lakini watu wamezoea kunipa glasi na kunikodolea macho, nami huonja na kusema, "Haya yametoka kwenye jagi." Basi tunacheka wote.

Sasa naeleza kosa langu la kwanza, ambalo sikulijua kuwa ni kosa. Kufika kwenye bomba lazima upite kwenye geti la mgodi, maana barabara ni yao. Kwa sheria naweza kuingia saa yoyote bila kuaga mtu. Lakini mimi nimelelewa kupiga hodi. Huwezi kuvamia kwa watu hivi hivi kama unaingia jikoni kwako. Kwa hiyo siku zote jioni ya kuamkia siku ya kupima nilikuwa nampigia simu mlinzi wa geti kumwarifu kwamba kesho asubuhi nitapita. Hakuna aliyenifundisha hivyo ofisini. Niliona ni adabu.

Mlinzi huyo ni mtu mwema, mcheshi, na kila nikipiga hujibu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kwa sababu hiyo nilimpa jina la Mwenyeji na limemganda. Na mwenyeji kweli alikuwa anapona. Kila nilipokuja maji yalikuwa mazima, saba kasoro kidogo, saba kamili, saba na kidogo.

Afande ameniuliza kama niliwahi kuona dalili yoyote. Niliona. Tangu mwezi wa kwanza mawe ya chini ya bomba yalikuwa yamegeuka rangi ya kutu, na vyura waliokuwa wakinipigia kelele pale kila asubuhi walikuwa wameondoka. Nilijiambia kutu ni ya zamani na vyura wana mambo yao. Ameniuliza kama nilimwarifu mkuu wangu. Hapana. Kipimo kilikuwa kinasema vizuri, na mtu akiwa na namba nzuri mkononi haoni sababu ya kwenda kumlalamikia mkuu habari za vyura.

Jumatatu tarehe 11 jioni nilikuwa nyumbani kwa Baba Mdogo. Mvua, ambazo najua sasa ndizo zilizokuwa zikiyazimua maji ya mgodi, zilikuwa zimekata tangu wiki iliyotangulia na miche yake ya kabichi na vitunguu ilikuwa imeshazidi umri wa kukaa kitaluni. Wakulima karibu wote walikuwa katika hali hiyo. Tulihamisha miche hadi giza likaingia, mimi, yeye na Mama Mdogo, tukichekana nani ana mgongo wa bibi kizee. Katika shughuli hiyo nilisahau kumpigia Mwenyeji simu.

Nilikumbuka Jumanne tarehe 12, saa moja asubuhi, nikiwa nimeshawasha pikipiki. Nikampigia pale pale. Hakusema mgeni njoo. Alisema, "Leo umetushtukiza, Dada Chupa. Njoo, ila njoo taratibu." Nilifika getini saa mbili na robo. Kwa kawaida geti huwa wazi nikifika. Siku hiyo lilikuwa limefungwa, na Mwenyeji alinitolea kiti na chai. Akaniuliza hali ya nyumbani mtu mmoja mmoja. Alipomaliza watu akaniulizia paka, na mimi sina paka. Nilikaa pale hadi saa tatu. Nilijua ananichelewesha. Sikumuuliza kwa nini, maana chai ilikuwa ya moto na yeye alikuwa mwenyeji wangu.

Niliposhuka mtoni niliona mambo mawili. La kwanza, ukingo ulikuwa na mstari wa unyevu juu ya maji, karibu kimo cha goti. Hii ina maana maji yalikuwa juu na yametoka kushuka. La pili, mdomo wa bomba ulikuwa unadondosha. Bomba lililofungwa tangu jana halidondoshi. Mtu yeyote wa kazi yangu angejua pale pale kwamba mashine imezimwa muda si mrefu, na kwamba imezimwa kwa ajili yangu. Mimi nilijua. Naomba iandikwe hivyo hivyo, kwamba nilijua, kwa sababu njiani kuja hapa nilikuwa natunga maneno kama "nilihisi" na "nilitia shaka," na Mama Mdogo alikuwa anatembea mbele yangu bila kugeuka.

Nikasuuza chupa, nikajaza, nikatumbukiza kipimo. Kikasoma tano nukta sita.

Hapa lazima nieleze jambo la kazi. Kipimo ukikitumbukiza hakitoi namba papo hapo. Namba hucheza kidogo, inapanda, inashuka, halafu inasimama. Tunasema kipimo kinatulia. Unatakiwa usubiri kitulie ndipo usome. Kinachukua kama dakika moja, kikichelewa sana mbili. Kilisimama kwenye tano nukta sita na hakikuondoka hapo. Ilikuwa bendera nyekundu.

Nikamwaga. Nikakaa juu ya jiwe. Nikajiambia labda hakijatulia vizuri. Baada ya muda nikajaza tena, sita kamili. Nikamwaga, nikasubiri. Sita nukta tatu. Mto ulikuwa unajisafisha wenyewe kwa maji yanayotoka juu, kwa kuwa mashine ilikuwa imezimwa, na mimi nilikuwa nimekaa pale naungojea. Kilichokuwa kinatulia ni mto.

Nikiwa kwenye jiwe, simu ikaita. Alikuwa Baba Mdogo. Nyuma yake nilisikia sauti za watu wengi na majembe yakigongana, maana walikuwa wamekusanyika langoni wakisubiri. Akasema, "Mwanangu, vipi huko? Ni kijani?"

Nikamjibu, "Subiri kidogo Baba, kipimo bado kinatulia."

Nikamsikia akiwageukia wenzake na kuwaambia, "Tulieni, mtoto anafanya kazi yake kwa uangalifu." Nilipokata simu nilikuwa na aibu kiasi kwamba nilitazama huku na huku kama kuna mtu. Hakukuwa na mtu yeyote. Nilikaa hadi namba ikasoma sita nukta saba, nikaiandika hiyo, nikaondoka haraka kabla sijaamua vinginevyo. Nilikaa mtoni zaidi ya nusu saa kwa kazi ya dakika tano.

Afande ameniuliza kama mgodi ulinipa chochote. Sijapewa chochote na mgodi zaidi ya chai. Ameniuliza sasa kwa nini. Nimefikiri sana. Mwezi wa kwanza niliwahi kupandisha nyekundu mara moja, baada ya dhoruba kuleta tope, na watu walinitukana wiki nzima. Mwenyekiti wa umoja wa wakulima aliniambia mbele za watu kwamba mshahara wangu unaingia mvua inyeshe isinyeshe. Baba Mdogo ndiye aliyesimama upande wangu. Aliniambia, "Wewe pandisha rangi unayoiona. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe." Nilikumbuka maneno hayo nikiwa juu ya jiwe. Lakini nilikumbuka pia miche iliyokuwa inanyauka, na mgongo wake wa jana, na jinsi angenitazama nikija na nyekundu. Nilitaka kufika na habari njema. Nilitaka wafurahi nami. Sina sababu nyingine kubwa kuliko hiyo, na ningependa ningekuwa nayo.

Saa nne na nusu hivi nilipandisha bendera ya kijani. Watu walishangilia. Baba Mdogo alifungua lango kwa ufunguo wake na maji yakaingia mferejini, meupe kabisa, mazuri kutazama. Akanipiga bega na kusema, "Leo ulitukalisha roho juu, wewe." Nikarudi ofisini. Nyuma yangu, kwa jinsi ninavyofahamu sasa, mashine ya mgodi iliwashwa mara tu pikipiki yangu ilipopita geti, na ikaendelea kutoa maji ya shimo mchana na usiku, huku lango likiwa wazi kwa idhini yangu.

Jioni ya siku hiyo Baba Mdogo alionekana na majirani akiosha pampu yake ya mgongoni, ile ya kupulizia dawa ya magugu, karibu na lango. Hilo ni kweli na yeye mwenyewe halikatai. Huiosha pale siku zote, huchota maji kwa ndoo na kumwaga uchafu kwenye shimo la mchanga, mbali na mfereji. Nimemwona tangu utoto wangu akifanya hivyo. Ni mtu ambaye hata masazo ya kikombe cha chai hayamwagi mferejini.

Alhamisi tarehe 14 miche ilianza kuungua. Ilianzia pembeni ya majani, kahawia, halafu ikalala chini kama imemwagiwa maji ya moto. Kufikia jioni hakukuwa na shamba lililonusurika miongoni mwa yale yaliyopata maji. Baba Mdogo mwenyewe alipoteza miche yake yote.

Usiku huo sikulala vizuri, lakini jioni, kabla ya kulala, nilifanya jambo ambalo hadi sasa linanishangaza. Nilimpigia Mwenyeji simu kumwambia kwamba kesho nitapita. Mkono ulienda wenyewe kwa mazoea. Akasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ijumaa tarehe 15 asubuhi nilipima na maji yakasoma saba nukta moja. Sasa nilikuwa na namba mbili nzuri.

Siku hiyo hiyo saa sita mchana wakulima walikutana langoni. Mwenyekiti alikuwa ameshika mche uliokufa. Aliniuliza, "Dada Chupa, Jumanne maji yalikuwaje?"

Nikajibu, "Sita nukta saba."

"Yaani?"

"Yaani yanafaa."

"Na leo?"

"Saba nukta moja. Yanafaa."

Sikudanganya namba hata moja. Mwenyekiti akafikiri, akasema, "Basi kama yamepita kwa Dada Chupa mazima, yameharibikia hapa katikati." Kati ya bomba la mgodi na mashamba hakuna nyumba, hakuna kiwanda, hakuna kitu. Kuna lango, na mwenye ufunguo. Mtu mmoja akasema kwamba alimwona Jumanne jioni akiosha pampu ya dawa. Watu wote wakageuka kumtazama Baba Mdogo. Baba Mdogo akageuka kunitazama mimi.

Nilikuwa nafunga kifuniko cha chupa. Nilikifunga, nikakifungua, nikakifunga tena. Nilijiambia nitasema baadaye, watu wakipoa. Alasiri waliandamana naye hadi hapa kituoni na mwenyekiti akafungua kesi ya kutia sumu kwenye maji na kuharibu mazao.

Jumamosi tarehe 16, saa nne asubuhi, nilikuja na Mama Mdogo kumletea chakula. Tuliruhusiwa kuongea naye kupitia dirisha la mahabusu, afande wa zamu akiwa amesimama hapo. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa matusi, ingawa sijawahi kumsikia akitukana. Alikula kidogo, akafuta mikono, akasema, "Nimefikiria sana usiku. Mwanangu, nadhani ni mimi."

Mama Mdogo akamwambia, "Una wazimu wewe?"

Akasema, "Sikiliza. Mtoto amepima mara mbili. Kipimo chake hakijawahi kunidanganya. Mikono yangu imezeeka, labda niliiosha pampu vibaya, labda ndoo ilipinduka nikasahau. Mtu husahau. Kipimo hakisahau." Alisema mwenyekiti amemwahidi kwamba akikiri kwa hiari, wakulima wataongea na polisi ili mambo yapunguzwe uzito, na kwamba Jumatatu saa nne atatia sahihi. Alisema atawapa shamba lake walime msimu mmoja kama fidia. Kisha akanipa pole mimi, kwa kuwa jambo hili limeitia doa kazi yangu.

Niliondoka pale haraka. Mama Mdogo alidhani nakwenda kulia. Kwa kweli nilikuwa nimeelewa jambo moja, kwamba huyu mzee alikuwa amelinganisha kumbukumbu yake mwenyewe na neno langu, na ametupa kumbukumbu yake. Mtu mzima, mikono anayoijua, uangalifu wa maisha yake yote, vyote ameviona si kitu mbele ya sita nukta saba yangu.

Leo Jumapili asubuhi nilimwomba Mama Mdogo anisindikize mtoni. Nilimwambia tu kwamba nataka kupima tena. Sikumpigia mtu simu. Hatukupita getini. Tulipandisha kwa kufuata mto kutoka langoni, juu ya mawe, yeye akiwa amefunga kanga kiunoni na kunisema njia nzima kwamba mimi ni mtoto wa barabara za pikipiki na sijui kutembea. Tulifika saa tano na nusu. Tulilisikia bomba kabla ya kuliona. Lilikuwa linatapika maji ya rangi ya chai ya rangi, mto ulikuwa umepanda hadi kwenye ule mstari niliouona Jumanne, na ukingo ulikuwa unanuka kama msumari uliolowekwa.

Nilisuuza chupa, nikajaza, nikatumbukiza kipimo. Kilitulia mara moja. Tatu nukta nane.

Mama Mdogo akauliza, "Hiyo ni nzuri?"

Nikasema, "Hapana. Hiyo inaua."

Akakaa kitako juu ya jiwe lile lile nililokalia mimi, akaanza kumshukuru Mungu na kusema nilijua tu, nilijua mume wangu hawezi. Wakati huo Mwenyeji alikuwa ametuona kutoka juu na akateremka mbio, mkanda wa sare haujafungwa. Hakuwa na hasira. Alikuwa amefadhaika kama mtu aliyefikiwa na wageni nyumba haijafagiliwa.

"Dada Chupa, mbona hukupiga simu leo? Tungezima mashine."

Nikamuuliza, "Huwa mnazima?"

"Siku zote. Ukisema unakuja nawaambia wa mashine wanazima jioni ile ile. Wakubwa walisema tusimloweshe mgeni." Akatutazama kwa zamu. "Jumanne ndiyo ulichelewa kusema. Ikabidi nikuweke kwenye chai kwanza."

Sijui kama Mwenyeji alijua anachokifanya. Uso wake haukuonyesha. Namwachia afande amuulize mwenyewe.

Alipoondoka, Mama Mdogo alikuwa ameacha kushukuru. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Jumanne ulipofika hapa, uliona nini?"

Nikamwambia. Nikamweleza mstari, bomba kudondosha, tano nukta sita, jiwe, na simu ya Baba Mdogo. Nilimwambia yote niliyoyaeleza hapa, ila kwake yalinichukua muda mrefu zaidi kwa kuwa nilikuwa nalia, na yeye hakuwa analia. Nilipomaliza alinyoosha mkono.

Akasema, "Nipe hiyo chupa."

Nikamwambia ni kazi yangu kuibeba, ina utaratibu wake, isitikiswe, isiachwe juani.

Akasema, "Ndiyo maana nakwambia nipe." Akaifunga kwenye upindo wa kanga na kutangulia. Njia yote hadi hapa hajaniita jina lolote. Amenipa maji ya kunywa mara moja, tulipofika barabarani, na akasubiri nimalize.

Ninachoomba ni hiki. Baba Mdogo asitie sahihi kesho. Hakutia chochote mferejini. Maji yaliyoua miche yalitoka kwenye bomba la mgodi, na yaliingia mashambani kwa sababu nilipandisha kijani nikijua ni nyekundu. Maji haya ya chupa yapelekwe maabara ya serikali, na atakayekwenda kuchota mengine asimpigie mtu simu. Kabla ya kuja hapa nimeshusha bendera ya kijani pale langoni. Nyekundu nimeiacha juu na sitaigusa tena, wala sidhani kama nitaruhusiwa.

Nimesomewa maelezo yangu na hakuna neno la kupunguza. Ni yangu, nimeyatoa bila kushurutishwa, na niko tayari kuyarudia mahakamani.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA ASKARI ALIYEANDIKA: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa lugha anayoielewa, akayakubali na kutia sahihi mbele yangu saa kumi na moja kasorobo jioni. Nimepokea chupa moja ya maji kutoka kwa mke wa mtuhumiwa, nikaifunga kwa lakiri. Mkuu wa kituo ameelekeza mtuhumiwa atolewe kwa dhamana jioni hii, mlinzi wa mgodi aitwe kesho, na shahidi asisafiri nje ya bonde.

Kwa ombi la mtuhumiwa nimemsomea maelezo ya shahidi kabla hajatoka. Alisikiliza hadi mwisho. Aliniomba nimuulize shahidi swali moja, naye alikuwa bado yupo ukumbini, hivyo nikamuuliza. Swali lilikuwa: pale alipokaa kwenye jiwe na kusoma tano nukta sita, je, mtuhumiwa huko langoni alikuwa ameshafungua maji, au bado?

Shahidi alijibu: "Bado. Alikuwa ananisubiri mimi."

Nimempelekea jibu. Mtuhumiwa alitikisa kichwa, akachukua viatu vyake na kutoka kwa mlango wa nyuma, mkewe akamfuata. Shahidi amebaki kwenye benchi la mbele.

Sahihi ya askari: (imetiwa)